Jina la Baba Mkwe

Ng'ombe wa mahari walikuwa na siku kumi na moja tu katika zizi la baba yake pale Phelokazi alipoletewa kitambaa cheusi cha kichwani, pamoja na agizo.

Kililetwa na Nomvuzo, wifi yake mtarajiwa, aliyevuka kijito kutoka Qolweni kwa miguu, viatu mkononi. Alikataa chai. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayetaka kuondoka kabla hajafika.

"Shangazi anasema Jumamosi uingie kwa mlango wa nyuma, ukae chini na wanawake wa nyumba," alisema. "Anasema wewe sasa ni mke wetu. Na mke hafungui mdomo juu ya baba mkwe wake."

"Na marehemu mwenyewe aliagiza nini, Nomvuzo?"

Nomvuzo akaangalia sakafu. "Aliagiza wewe ndiye umghanie sifa kaburini. Sote tulisikia. Shangazi naye alikuwepo. Lakini aliyeagiza amekufa, dada, na shangazi yupo."

Alipoondoka, Phelokazi alikikunja kile kitambaa mara nne, akakikunjua, akakikunja tena. Ukutani, juu ya kitanda, ilining'inia kofia ya ngozi ya mbweha aliyoachiwa na babu yake, na chini yake rungu la babu huyohuyo. Tangu alipokuwa na miaka kumi na tisa hakukuwa na harusi, mkutano wala mazishi ya maana katika vijiji vile yaliyokwenda bila kofia ile. Watu walizoea. Wazee walionuna mwanzoni, wakisema tangu lini msichana akashika rungu la mghani, ndio waliokuja baadaye kumuuliza baba yake kama binti ana nafasi Jumamosi fulani.

Marehemu atakayezikwa Jumamosi naye aliwahi kuonja ukali wa ulimi wake. Velaphi, mkuu wa kijiji cha Qolweni, alikuwa amechimba kisima cha kijiji kisha bomba likaishia kwenye geti lake mwenyewe. Watu walinong'ona miezi sita. Kwenye mkutano wa hadhara Phelokazi alisimama, akamsifu Velaphi kwa ujasiri wake, akasifu ng'ombe zake, halafu, bila kubadili sauti, akasifu maji yaliyoogopa kwenda kwa wajane. Uwanja ulitulia kimya. Mtu mmoja tu alicheka, tena kwa sauti, nyuma kabisa. Alikuwa Mzukisi, mtoto wa Velaphi, ndiyo kwanza amerudi likizo kutoka machimbo ya Rustenburg.

Alimfuata barabarani jioni ile. "Umemtukana baba yangu vizuri sana," alimwambia.

"Sikumtukana. Nilimsifu."

"Basi ukinisifu mimi nitahama nchi."

Ndivyo walivyoanza. Miaka minne ilikuwa imepita tangu siku ile. Miaka minne ya simu za Jumapili, ya safari mbili kwa mwaka, ya Mzukisi kushuka chini ya ardhi kila alfajiri akiwaza ng'ombe. Na sasa ng'ombe walikuwa wamevuka kijito, washenga wamekula na kunywa, watu wa nyumba mbili wamecheka pamoja. Siku nane baadaye kifua cha Velaphi kikasimama.

Kesho yake, Alhamisi mchana, simu yake ililia mara moja ikakatika. Ukafuata ujumbe: *Njoo joshoni.*

* * *

Josho la zamani la kuogeshea ng'ombe lipo kwenye mgongo wa kilima, katikati ya vijiji viwili, na siku hizi hupelekwa kule chini kwenye josho jipya. Phelokazi alimkuta Mzukisi amekaa juu ya ukuta wa saruji, blanketi mabegani, ndevu hazijanyolewa. Upepo wa Julai ulikuwa unakata masikio. Alipomwona alisimama, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha ndani ya blanketi. Mtu aliyefiwa na baba hamshiki mwanamke kabla ya maziko, na wote wawili walilijua hilo. Walisimama hatua tatu mbali, wakatazamana kama watu walioko kwenye kingo mbili za mto uliofurika.

"Umekonda," Phelokazi alisema.

"Sijala tangu Jumapili. Wananiletea makande, nayaangalia tu." Alimeza mate. "Phelo, nimekuja kukuomba kitu nikiwa nimepiga magoti, ingawa unaniona nimesimama."

"Najua unachotaka kuomba."

"Baba alinishika hapa." Aligusa kifundo cha mkono wake. "Hakuwa na nguvu ya kushika kikombe, lakini alinishika hapa. Akasema, wasije wakanipaka asali. Akasema, wengine wote wataniogopa hata nikiwa kwenye sanduku, yule binti wa ukoo wa Gatyeni haogopi. Aseme nilivyokuwa, mazuri na yale mengine, ndipo wanifukie."

Phelokazi aliinamisha kichwa. Machozi aliyokuwa ameyazuia tangu Jumapili yalimjia. Alimpenda yule mzee. Baada ya ule mkutano mzee alinuna wiki nzima, kisha akatoka na sururu yake mwenyewe akayashusha mabomba hadi kwa wajane. Na kila walipokutana njiani tangu hapo alikuwa akivua kofia.

"Shangazi yako kaniletea kitambaa," alisema.

"Nimesikia. Kivae kichwani, halafu useme. Mimi nitakuwa mbele yako. Atakayekugusa atanipitia mimi."

"Utasimama mbele yangu asubuhi moja. Jumatatu utapanda basi kwenda Rustenburg. Mimi ndiye nitakayekuja kuishi na shangazi yako MaJwarha, Mzukisi. Nitapika naye, nitafagia uwanja wake. Unataka niingie nyumba yenu mguu wa kwanza nikiwa mwanamke aliyelitaja jina la baba mkwe wake kwenye kaburi, watu mia tano wakisikia?"

"Ni desturi ya kizamani."

"Mama yangu hajalitaja jua kwa jina lake tangu alipoolewa, kwa sababu baba yake baba aliitwa Langa, na langa kwa lugha yetu ni jua. Husema 'kile chenye joto.' Hakuna anayemchapa akilitaja. Hapendi tu. Ni heshima yake aliyoichagua, na mimi nilitaka kuichagua hivyohivyo kwenu. Nilikuwa tayari, Mzukisi. Nilikuwa nimeanza kujizoesha kutolitaja jina la baba yako hata nikiwa peke yangu jikoni."

Sauti yake ilivunjika mwishoni. Mzukisi alisogea hatua moja, akasimama.

"Basi ghani bila kulitaja," alisema kwa upole. "Mwite Jwarha, kwa jina la ukoo. Mke anaruhusiwa."

"Kuna akina Jwarha wangapi kwenye makaburi yale? Utakuwa unamzika nani? Mtu anaghaniwa kwa jina lake ili lisifukiwe pamoja naye. Nikiliacha, nitakuwa nimepiga kelele tu nikiwa na kofia ya ngozi. Baba yako angejua."

Mzukisi alitazama bondeni. Huko Qolweni, chini, hema kubwa jeupe lilikuwa limeshasimamishwa, na moshi wa masufuria ulipanda.

"Kwa hiyo tufanye nini?" Mzukisi aliuliza.

Alikuwa amelifikiria usiku kucha, na bado kulisema kulikuwa kama kung'oa jino. "Ng'ombe warudi."

"Unasema nini?"

"Wakirudi mimi si mke wa mtu. Ni binti Gatyeni, mghani. Naweza kutaja jina lolote."

Mzukisi alimtazama muda mrefu. Macho yale, ambayo siku zote yalikuwa na kicheko kilichojificha pembeni, safari hii yalikuwa matupu. "Miaka minne, Phelo."

"Najua."

"Hujui. Hujui kulivyo kule chini. Jiwe likilia juu ya kichwa changu nilikuwa nasema, ngoja kwanza, sijamaliza ng'ombe wa Phelokazi. Leo wameingia zizini unaniambia niwatoe? Nyumba yetu inaingia kwenye mwaka wa maombolezo. Harusi haitafanyika. Na shangazi hatakubali watoke mara ya pili, nakuapia, baada ya kuaibishwa hivi. Unanipoteza ili umghanie maiti."

"Ni baba yako."

"Najua ni baba yangu."

"Na mimi sijaomba nikupoteze." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Nimelala na simu yako sikioni miaka minne. Unadhani mimi sikuwa nahesabu? Lakini nikinyamaza Jumamosi, kila utakaponitazama mezani utamwona baba yako aliyezikwa kama gunia. Hutasema. Wewe ni mpole, hutasema kamwe. Lakini utaona."

Mzukisi alijifunga blanketi vizuri, akageuka, akashuka kilima kwa upande wa kwao. Phelokazi alimwangalia mpaka akawa doa la kahawia kati ya nyasi kavu. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

* * *

"Kijana akubali asikubali, sirudishi," baba yake alisema jioni hiyo. Mzee Mbuyiselo alikuwa mtu wa maneno machache, na machache yale aliyasema kuelekea moto. "Ng'ombe wakirudishwa na upande wa msichana, watu watasema msichana ana kasoro. Watasema kapatikana na mwanamume mwingine. Nani atakwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza habari za mashairi?"

"Baba, nitajieleza mwenyewe."

"Wewe unajieleza kwa kofia kichwani. Sisi wengine tunaishi bila kofia."

Mama yake alikuwa anachambua maharage. "Mbona unataka kumnyang'anya binti yako pumzi?" alisema bila kuinua macho. "Mimi nilinyamaza kwa kuwa baba yako alikuwa mtu mwema na sikuwa na neno la kumwambia. Huyu ana neno."

"Sirudishi," mzee alirudia, lakini kwa sauti ndogo.

Ijumaa asubuhi, umande ukiwa bado mweupe kwenye nyasi, wanaume watatu walisimama nje ya geti. Wawili walikuwa washenga walewale wa siku ile ya furaha, katika makoti yaleyale. Wa tatu alikuwa Mzukisi mwenyewe, kitu kisicho desturi, kwani bwana harusi hajisemei. Phelokazi aliwaona kupitia dirisha la jikoni. Kumbe amekubali, alijiambia. Amekuja kuchukua ng'ombe. Alishangaa kuona kwamba sehemu ya moyo wake ilikuwa imetumaini angekataa.

Hawakuingia ndani. Walisimama penye zizi, kofia mikononi, na mshenga mkubwa akasafisha koo.

"Gatyeni, tumekuja na habari mbaya. Kijana wetu anajitoa."

Mzee Mbuyiselo aliegemea mti wa zizi. "Binti yangu kawakosea nini?"

"Hana kosa." Ni Mzukisi aliyesema. Uso wake ulikuwa mkavu kama mtu anayesoma hati. "Naomba lisikike mbele ya hawa wazee wawili. Binti yako hana kosa lolote. Mimi ndiye ninayejitoa, kwa sababu zangu."

"Unajua maana yake," mzee alisema polepole. "Mwanamume akijitoa bila kosa la msichana..."

"Ng'ombe wanabaki. Najua, baba. Wabaki."

Ndani ya jikoni mama yake Phelokazi aliweka sufuria chini. Phelokazi hakusogea. Alielewa yote kwa mara moja. Yeye aliomba warudishwe, aibu iwe yake. Usiku ule Mzukisi alikuwa amekaa akaligeuza jambo lote, akaibeba aibu yeye, na akaacha jasho la miaka minne limesimama linacheua katika zizi la watu. Hakuna mdomo ambao ungeweza kumsema Phelokazi vibaya sasa. Na hakukuwa na ng'ombe hata mmoja wa kumrudisha Mzukisi kwenye geti lile.

Kabla ya kuondoka Mzukisi aliinua macho kuelekea dirishani. Hakuweza kumwona, kioo kilikuwa kinaakisi jua la asubuhi. Lakini alitazama hapohapo Phelokazi alipokuwa amesimama, kwa muda ambao mtu hutumia kunywa maji, kisha akavaa kofia.

* * *

Jumamosi alipofika Qolweni hakuingia kwa mlango wa nyuma. Alipita geti kubwa amevaa kofia ya mbweha na joho la ngozi, rungu mkononi, na watu wakampisha njia hadi karibu na kaburi lililochimbwa kando ya zizi la marehemu. Hapo MaJwarha alimzuia. Dada wa marehemu alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, amejifunga blanketi kwa pini kubwa.

"Kitambaa changu kiko wapi?"

"Nimekuja nacho, mama." Phelokazi alikitoa kifuani kikiwa kimekunjwa, akampa kwa mikono miwili. "Mimi si mke wa nyumba hii tena."

"Nani kasema?"

"Mimi," Mzukisi alisema. Alikuwa amesimama kwenye kichwa cha kaburi kati ya ndugu zake. "Nilijitoa jana, shangazi. Na ng'ombe nimewaacha kwao. Wazee hawa walikuwepo."

Minong'ono ikapita katika umati kama upepo kwenye mahindi. MaJwarha alimtazama mpwa wake, akamtazama Phelokazi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alionekana mtu aliyechoka.

"Mimi baba mkwe wangu nilimzika kimya," alisema, taratibu, kana kwamba wako wawili tu. "Na nilikuwa na maneno. Hakuna aliyeniuliza kama ninayo."

Akasogea pembeni.

Phelokazi alianza chini, kwa sauti ya mazungumzo, kama babu yake alivyomfundisha. Kisha rungu likapanda.

"Velaphi!
Velaphi, fahali wa Jwarha asiyeitazama kamba,
aliyeyachimba maji akayalaza mlangoni kwake,
wajane wakapanda kilima na ndoo huku yeye anaosha pikapu.
Nilimwambia, akanuna. Nilimwambia, akafunga dirisha.
Siku ya nane akatoka na sururu, bila kibarua,
akayashusha maji hadi kwa mjane wa mwisho
na hakudai asante.
Velaphi mkali wa uzio, mlegevu wa ghala,
mwaka wa ukame alitufokea kila jani tulilokata,
na mwaka uleule hakulala mtoto na njaa
gunia la Velaphi likiwa limesimama.
Alimchapa mwanawe kwa mbuzi ambaye mwana hakumla,
alipojua, alimwita mbele ya watu wazima
akasema, nimekosa, mwanangu.
Ni nani hapa ameshamwambia mtoto wake hivyo?
Inueni mikono niione.
Velaphi, jina lako linauliza, umetoka wapi?
Leo sisi tunakuuliza, Velaphi, unakwenda wapi
na umetuachia nani wa kutufokea?"

Kwenye mistari ya maji watu walicheka, hata mjane wa marehemu chini ya shela lake. Kwenye ghala vizee wawili waliitikia kwa sauti. Alipofika kwa mbuzi, Mzukisi, ambaye alikuwa amemsimulia kisa kile zamani kwenye simu, usiku wa mvua, aliziba uso kwa viganja na mabega yake yakatikisika. Alikuwa hajalia tangu Jumapili. Sasa alilia kama mtoto wa miaka tisa, na hakuna aliyemwambia jikaze.

Na kila Phelokazi alipoliita lile jina, alihisi linatoka kinywani likiwa zito na tamu, na alijua anaachana nalo. Akalifunga shairi kwa neno wanalofungia waghani wote, *ncincilili*, akashusha rungu, na udongo ukaanza kuanguka.

* * *

Getini palikuwa na beseni la maji. Kila anayetoka kaburini hunawa kabla ya kwenda kula, na foleni ilikuwa ndefu. Phelokazi alipofika zamu yake aliinama, akatia mikono. Mikono mingine miwili iliingia majini upande wa pili. Aliijua kabla ya kuinua macho, kovu la dole gumba, vumbi la machimbo lisilotoka kwenye kucha.

Hawakugusana. Maji yalikuwa baridi kiasi cha kuuma mifupa.

"Asante," Mzukisi alisema kwa chini.

"Usinishukuru. Umenifanya nini wewe jana? Nilikuambia uwarudishe."

"Uliniambia nikuache huru. Wakirudi ungekuwa huru na jina limechafuka. Hiyo niliona haitoshi." Alijaribu kutabasamu. "Baba yako amewaambia washenga atawachunga vizuri. Kasema hatachinja hata mmoja mpaka mwaka uishe. Sijui alimaanisha nini."

Phelokazi alijua alichomaanisha: zizi lingemngoja Mzukisi.

"Jumatatu narudi Rustenburg," Mzukisi aliendelea. "Sina kitu, Phelo. Nikija tena nitakuja na mikono hii tu, na huenda shangazi akanifungia mlango. Siwezi kukuomba unisubiri. Ila nataka kujua." Alisita. "Ulivyokuwa unaghani, nilikuona. Ulikuwa kama mtu aliyerudi kwao. Nikaogopa. Nikasema, nani anaweza kumwomba mtu huyu anyamaze."

Maji yalitulia kati ya mikono yao. Phelokazi aliitazama, minne, imepauka kwa baridi, imekaribiana kiasi kwamba angeweza kuhesabu vinyweleo. Alikuwa na hamu ya kusogeza kidole kimoja tu. Hakukisogeza.

"Nimelitaja jina la baba yako leo mbele ya kila mtu anayemjua," alisema. "Nimelitaja mpaka likajaa. Sasa hata nikikaa kwenu miaka yote iliyobaki bila kulitaja tena, sitaona nimenyamazishwa."

Mzukisi aliinua macho. Ilimchukua muda kuelewa, kwa kuwa alikuwa na njaa na huzuni na hajalala. Kisha alielewa, na kile kicheko cha pembeni ya macho, kile kilichokuwa kimepotea tangu joshoni, kikaonekana kidogo.

"Mwaka mzima," alisema.

"Mwaka mzima. Na unipigie simu Jumapili."

"Nyie wawili," ilisikika sauti ya MaJwarha nyuma yao, kavu, lakini si kali kama alivyokusudia. "Mikono imeshatakata. Wenzenu wanangoja maji."

Hakuna aliyekuwa wa kwanza kutoa mikono yake.